Shangazi, tuwahi ndege ya asubuhi au tuokoe nauli?

Shangazi shikamoo,

Mimi ni muuguzi, naishi Sengerema na mume wangu na watoto wetu wawili, mmoja ana miaka tisa na mwingine sita. Desemba hii ndoa yetu inatimiza miaka kumi na tumeamua kwenda Zanzibar. Wote wanne hatujawahi kuiona bahari. Hela tumeichanga pole pole kwenye kikoba, na imetosha siku chache tu: tunaondoka Ijumaa, tunarudi Jumanne, na tumepata hoteli Paje kwa usiku nne. Chumba cha familia ni shilingi 220,000 kwa usiku, chai ya asubuhi ikiwemo. Hatujalipa bado.

Tatizo letu ni saa za ndege. Mume wangu amepata ndege ya bei rahisi inayoondoka Mwanza Ijumaa saa kumi jioni. Tukifika Dar es Salaam tunasubiri saa moja na nusu, kisha tunapanda ndege ya kampuni nyingine na kutua Zanzibar saa mbili usiku. Kurudi, tunaruka Zanzibar Jumanne saa moja asubuhi. Mimi nimeona nyingine, tiketi moja mpaka Zanzibar: inaondoka Mwanza saa mbili asubuhi na kutua Zanzibar saa sita mchana, na kurudi ni Jumanne saa tisa alasiri. Ila hiyo ya kwangu imezidi bei. Kwenda ni shilingi 50,000 zaidi kwa kila mtu, kurudi ni 40,000 zaidi. Kwa watu wanne ni 360,000, Shangazi, na hela yetu ni ya kuhesabu.

Mume wangu anasema usiku nne ni usiku nne, tufike saa yoyote. Anataka pia afungue duka lake la vipuri vya pikipiki nusu siku ya Ijumaa, na Jumatano awe kazini. Mimi naona tutakuwa tumelipia hoteli ya kulala tu. Tumevutana mpaka watoto wameanza kuuliza kama safari bado ipo.

Kuna mambo mengine mawili. Mama yangu mdogo ameolewa Zanzibar, anaishi Fuoni. Ametukaribisha tulale kwake siku yoyote, na kumsalimia ni lazima. Nataka nimpelekee sato na dagaa. Halafu shemeji yangu, kaka wa mume wangu, yuko Buhongwa, anaweza kutulaza kama tutahitaji kuwahi uwanjani.

Tufanyeje?

Mama wa wawili, Sengerema

*

Marahaba mwanangu, na hongereni kwa miaka kumi.

Nianze na jibu, maana najua mnataka kukata tiketi. Kwenda, chukueni ndege yako ya asubuhi. Kurudi, chukueni ile ya mume wako ya saa moja asubuhi. Hoteli ya Paje iwe usiku tatu badala ya nne, na usiku wa mwisho mlale Fuoni kwa mama yako mdogo. Nauli za ndege za ndani mara nyingi huuzwa kila upande peke yake, kwa hiyo kuchanganya hivyo kunawezekana. Mtaongeza 200,000 kwenye nauli ya kwenda na kuokoa 220,000 za chumba. Mfuko wenu hautaumia, na safari itakuwa ndefu kuliko ile mliyokuwa mnagombania.

Sasa nieleze kwa nini, kwa sababu mume wako anastahili hesabu, si amri ya Shangazi.

Anaposema usiku nne ni usiku nne, anahesabu kitu mnacholipia, ila sicho mnachokifuata. Hoteli inauza usiku. Ninyi mnafuata mchana. Mkitua saa mbili usiku, mkangoja mizigo, mkapata gari, kutoka uwanjani hadi Paje ni kama kilomita 50, mwendo wa saa nzima. Mtafika inakaribia saa nne usiku, watoto wamelala mabegani. Bahari wataisikia tu. Na Jumanne, ili kuruka saa moja asubuhi mkitokea Paje, inabidi gari iwachukue saa kumi alfajiri. Katika mpango huo mnalipa 880,000 za chumba na kupata mchana wa Jumamosi, Jumapili na Jumatatu peke yake. Bado humo mtoe muda wa kwenda Fuoni na kurudi, kwa sababu mama mdogo hasalimiwi kwa dakika kumi.

Kuna jambo la jua ambalo sisi watu wa Kanda ya Ziwa hulisahau. Saa zetu na za Zanzibar ni zile zile, lakini Zanzibar iko mashariki zaidi. Katikati ya Desemba jua linazama kule karibu saa kumi na mbili na nusu jioni, kama dakika 20 kabla ya kuzama Mwanza. Kuchomoza ndiyo zaidi: kule limeshatoka saa kumi na mbili na dakika chache asubuhi, sisi huku tunalingoja kama nusu saa nyingine. Kwa hiyo mtu anayepanga kwamba "tukifika saa kumi na moja jioni tutaogelea kidogo" anajidanganya. Atavua viatu kiza kinaingia. Na asubuhi za kule msizilalie, ndizo zenye faida.

Tena si kila saa ya mchana ina thamani sawa. Mwanza iko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na upepo wa ziwa umetuzoesha vibaya. Desemba Zanzibar ni joto zito la unyevu, hasa kuanzia saa tano hadi saa tisa. Watoto wa miaka sita na tisa, siku ya kwanza, saa hizo wakae kivulini. Saa tamu za pwani ni tangu jua linapotoka mpaka saa nne asubuhi, na tena kuanzia saa tisa hadi magharibi. Ndege yako inayotua saa sita mchana inawafikisha Paje kama saa nane. Kawaida hoteli nyingi hutoa chumba kuanzia saa nane, kwa hiyo hamtakaa mapokezi mkikodoa macho. Mnakula, mnabadili nguo, na saa tisa mko mchangani na saa tatu na nusu za mwanga mbele yenu. Ijumaa hiyo inahesabika kuwa siku.

Na hapa nakuomba usome taratibu, kwa sababu hili hakuna aliyewaambia na linaweza kuharibu kila kitu. Ziwa letu halina kupwa, yaani maji kurudi nyuma na kuuacha ufuo. Ukienda Bwiru asubuhi na ukarudi jioni, maji yako pale pale. Bahari ya Paje si hivyo. Upande ule wa mashariki ufuo ni tambarare sana, na maji yakipwa yanaondoka mamia ya mita, unabaki mchanga mtupu na madimbwi mpaka kule kwenye mwamba wa matumbawe. Mgeni anayetoka ziwani akifika wakati huo huona ametapeliwa. Hajatapeliwa, amekosea saa tu.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zinasogea mbele kwa kama dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua: maji yanajaa sana na yanapwa sana. Siku hizo Zanzibar maji hufikia juu kabisa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Wiki moja baadaye mambo yamegeuka, maji yanajaa saa nne asubuhi na kupwa saa kumi jioni, ila hayo ni maji mafu, hayaendi mbali. Hukuniandikia tarehe. Angalieni kalenda yenye mwezi. Ijumaa yenu ikiangukia karibu na mwezi mpevu au mwezi mwandamo, ndege yako ya asubuhi itawafikisha Paje maji yanapanda kuja kwenu, na hapo sina la kuongeza. Mkiweza kusogeza safari wiki moja mbele au nyuma kwa ajili hiyo, sogezeni.

Kupwa nako si hasara, mradi mjue saa yake. Asubuhi za bamvua wanawake wa Paje na Jambiani wako kwenye mashamba yao ya mwani, kilimo kilichoanza huko mwishoni mwa miaka ya 1980, na mnaweza kutembea mbali na watoto mkiangalia viumbe kwenye madimbwi. Vaeni viatu vya mpira, kuna viumbe wa baharini wenye miiba mirefu myeusi, mguu ukiwakanyaga likizo imekwisha. Na msiende mbali bila mwenyeji, maji yanaporudi hayangoji mtu. Kama wewe unataka kuogelea tu saa zote, pwani ya kaskazini, Nungwi na Kendwa, maji hayakimbii hivyo. Ila kwa watoto wanaoiona bahari mara ya kwanza mimi nabaki na Paje. Pale bahari inabadilika mbele ya macho yao, na hilo ziwa haliwezi kuwaonyesha.

Piga simu hotelini kabla hujalipa chochote, uliza swali moja: siku zetu hizo maji yanajaa saa ngapi? Watakujibu papo hapo, wanaishi nayo.

Turudi kwenye ndege. Ile ya jioni ya mume wako ina hatari ambayo bei haiionyeshi. Ni tiketi mbili za kampuni mbili, na katikati kuna saa moja na nusu. Ndege ya kwanza ikichelewa, kampuni ya pili hamuidai hata salamu, imeruka na viti vyenu vimekwenda. Tiketi ikiwa moja, anayewauzia ndiye mwenye mzigo wa kuwatafutia ndege inayofuata. Na kuchelewa huongezeka kadiri siku inavyokwenda, maana ndege ni ile ile inazunguka: ikichelewa asubuhi Dodoma au Bukoba, jioni mnaolipa ni ninyi wa Mwanza. Mkikwama Dar saa mbili usiku na watoto wawili, teksi na gesti na chakula cha watu wanne vitameza akiba yote.

Sitakuficha kwamba asubuhi nako kuna lake. Desemba mvua za ziwa hupenda kuja usiku wa manane hadi asubuhi. Usiku upepo wa nchi kavu kutoka pande zote unakutana juu ya maji na kuinua mawingu, ndiyo maana wavuvi wanarudi wameloa na mchana unaweza kuwa mkavu. Radi ya saa moja asubuhi inaweza kuchelewesha ndege. Lakini ukichelewa asubuhi una mchana mzima wa kutafuta ndege nyingine, hata boti. Ya Dar hadi Unguja huchukua kama saa mbili njiani. Boti za kasi nazo kwa kawaida ni za mchana, kwa hiyo aliyekwama usiku hata njia hiyo hana.

Naijua hoja ya duka. Hebu mume wako ahesabu upya. Ndege ya saa kumi jioni inataka muwe uwanjani saa nane. Kutoka Sengerema mpaka uwanjani, hata sasa ambapo Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tangu Juni 2025 na hakuna tena kungoja kivuko, tengeni saa mbili na ushee. Daraja la kilomita 3 mnalivuka kwa dakika, kazi ni jiji. Uwanja uko ng'ambo ya pili kabisa: mnaingilia Usagara, Buhongwa, Nyegezi, Mkuyuni, mnapita mjini, Kirumba, Pasiansi ndipo mfike Ilemela, tena mchana wa Ijumaa na magari yake. Kwa hiyo duka litafungwa saa tano. Anagombania saa tatu za kuuza plagi na cheni.

Afungue Alhamisi kama kawaida, afunge saa kumi na moja jioni, muende mkalale kwa shemeji Buhongwa. Ijumaa saa kumi na moja alfajiri barabara ni nyeupe, na saa kumi na mbili mko uwanjani. Tena kwa kurudi nampa anachotaka chote. Mkiruka Zanzibar Jumanne saa moja asubuhi, mchana huo mko Mwanza, kabla ya jua kuzama mko Sengerema, na Jumatano yuko dukani amepumzika. Ile ya kwako ya saa tisa alasiri ingewafikisha Mwanza usiku, na kabla ya hapo mngetolewa chumbani saa nne asubuhi mkazurura na mabegi kwenye joto. Elfu arobaini kwa kila mtu kwa ajili ya hayo, hapana. Hakikisheni tu tiketi ya kurudi ni moja mpaka Mwanza. Kama ni vipande viwili, tafuteni ya Dar kwenda Mwanza inayoacha nafasi ya saa nne.

Someni saa za tiketi kwa makini, kwa sababu mfumo wake unaanza kuhesabu usiku wa manane. 07:00 ni saa moja asubuhi, 15:00 ni saa tisa alasiri. Na mkikuta ndege ya 00:30 ya tarehe 14, maana yake mnakwenda uwanjani tarehe 13 jioni. Nimepokea barua za watu waliofika siku nzima baadaye.

Kwa hiyo Jumatatu iko hivi. Amkeni mapema muage bahari, rudisheni chumba saa nne. Njiani kuelekea mjini mnapita msitu wa Jozani, waambieni watoto wawatazamie kima punju, ambao hawapatikani popote duniani ila Zanzibar. Mchana mko Fuoni, mnakula, mnapumzika joto lipungue. Jioni nendeni Mji Mkongwe na mama mdogo mwenyewe, mzunguke vichochoro, kiza kikiingia mkae kwenye bustani ya Forodhani mle pweza na urojo. Fuoni si mbali na uwanja wa ndege, hivyo Jumanne mtaamka saa kumi na moja kasoro, si saa tisa na nusu. Mwambieni mapema kwamba mnakuja kulala, na kwamba mtaondoka alfajiri, asije akaamka kupika maandazi usiku kucha kisha mkamuachia mezani.

Baada ya kupanga hivyo, ule ugomvi wa nani ana haki uacheni. Mume wako alikuwa sahihi kuhusu kurudi, wewe ulikuwa sahihi kuhusu kwenda. Bei za nusu ya pili ya Desemba hupanda kadiri sikukuu zinavyokaribia, basi msikae wiki nyingine mkishindana. Mbebe vitambulisho vyenu na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Sato sasa. Mkimbeba Ijumaa na kwenda naye Paje kwa siku tatu, Jumatatu hatakuwa zawadi tena. Mnunueni Alhamisi, agandishwe usiku kucha kwa shemeji, afungwe kwenye boksi la stairofomu lililobanwa kwa utepe wa gundi kila upande, aende kwenye mizigo ya chini. Watu wa Mwanza wanaofungasha samaki wa safari wanaijua kazi hiyo, waulizeni na uzito mnaoruhusiwa usizidi. Dagaa wakaushwe vizuri, mfuko juu ya mfuko, au begi lote la nguo za watoto litanukia ziwa. Njia ya kutoka uwanjani kwenda Paje inapita upande wa Fuoni, kwa hiyo kubalianeni na dereva kabla hamjapanda kwamba mtasimama hapo. Mkabidhi boksi mlangoni liingie kwenye friza, mumpe shikamoo, mumwambie mazungumzo ni Jumatatu, na mwendelee bila kukawia.

Shangazi, Mwanza